Njia ya Kessy: Kwa nini beki wa Tunduma aitazame Dar tu?

Mtaani ukitaja "beki tatu" watu wengi hawafikirii mpira. Wanamfikiria dada wa kazi za ndani, yule anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na ambaye jina lake husikika zaidi siku sahani inapovunjika. Aliyeubuni utani huo alikuwa anaujua mpira vizuri. Namba mbili na namba tatu ndivyo wanavyoishi uwanjani. Wanapanda, wanamwaga krosi, wanashuka mbio kumkaba wingi, na filimbi ya mwisho ikilia anayebebwa juu ni mshambuliaji. Likiingia bao la kizembe kupitia upande wao, hapo ndipo jukwaa zima linawakumbuka.

Ndiyo maana stori za washambuliaji wa Tanzania waliotoka nje ya nchi zinajulikana hadi kwa watoto, lakini za mabeki wa pembeni hazisimuliwi sana. Moja ya stori hizo ni ya Hassan Ramadhani Kessy, beki wa kulia aliyepita Mtibwa Sugar, Simba na Yanga, kisha mwaka 2018 akaenda kukipiga Nkana FC ya Kitwe, Zambia.

Kessy si mtoto wa Songwe. Jina lake lilikulia Turiani, Morogoro. Lakini kama kuna mkoa ambao vijana wake wanapaswa kuisoma safari yake mstari kwa mstari, ni huu wa mpakani.

Ukweli wenyewe uko kwenye ramani. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Tunduma iko karibu katikati yake. Kijana akisimama stesheni ya Tunduma, Dar iko upande mmoja na mkoa wa migodi ya shaba wa Copperbelt, zilizoko Kitwe na Ndola, uko upande mwingine. Umbali unakaribiana. Malori ya shaba yanashuka, ya mafuta na bidhaa yanapanda, kwacha na shilingi zinabadilishwa barabarani mchana kutwa. Kila kitu kinavuka pale. Wachezaji tu ndio hawavuki, au tuseme wanavuka kwa kuelekea upande mmoja.

KUTOKA TURIANI HADI MSIMBAZI

Mtibwa Sugar haijawahi kuwa na fedha za vigogo wa Kariakoo, lakini ina sifa moja ya miaka mingi: inampa kijana nafasi. Kessy alipita hapo, na katika dirisha dogo la mwishoni mwa 2014 Simba ikamchukua.

Msimbazi alionyesha kile ambacho mashabiki wanakipenda kwa namba mbili wa kisasa. Alikuwa na kasi, alikuwa haogopi kupanda, na krosi zake zilikuwa zinafika. Tatizo la beki wa aina hiyo ni lile lile duniani kote. Akipanda na mpira ukapotea, nyuma yake kunabaki uwanja mtupu.

Mwaka 2016 ulimwonyesha pande zote mbili za kazi hiyo. Februari 20, Simba ilifungwa 2-0 na Yanga, mabao ya Donald Ngoma na Amissi Tambwe. Bao la Ngoma lilitokana na pasi ya nyuma ya Kessy iliyokuwa fupi. Aprili mwaka huo huo akatolewa kwa kadi nyekundu kwenye mechi ambayo Simba ilichapwa 1-0 na Toto Africans, na klabu ikamfungia mechi tano. Kwa mshambuliaji, kukosa penalti ni habari ya wiki moja. Kwa beki wa Simba au Yanga, kosa moja kwenye mechi ya watani linaweza kumfuata misimu mitatu.

Muda si mrefu akavaa jezi ya Yanga. Hapo likaibuka sakata ambalo wengi wanalikumbuka. Simba ililalamika kwamba watani wao walimchukua kabla mkataba wake haujafika mwisho. Shauri likafika TFF, na kwa kipindi Kessy hakuweza kuitumikia Yanga kwenye Kombe la Shirikisho Afrika kwa sababu barua ya kumruhusu kutoka klabu yake ya zamani ilikuwa haijapatikana.

Mashabiki walichukulia jambo lile kama vita ya Msimbazi na Jangwani. Kwa mchezaji lilikuwa jambo la kazi. Wakati wenzake wanacheza mechi za Afrika, mechi ambazo mawakala na makocha wa nje wanaziangalia, yeye alikuwa jukwaani kwa sababu ya karatasi. Somo hilo litarudi mbele.

Akiwa Jangwani alikuwa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ligi Kuu 2016/17. Msimu uliofuata Yanga iliyumba kifedha na kumaliza nafasi ya tatu. Mkataba wake ukaisha. Wengi walitegemea aende Azam, au arudi Msimbazi, au azunguke kwenye timu za mikoani kama wanavyofanya wengine. Yeye akaenda Kitwe.

DESEMBA ILE YA NKANA

Nkana si timu ndogo. Ndiyo klabu yenye mataji mengi zaidi ya ligi nchini Zambia, na uwanja wake uko Wusakile, mtaa wa wafanyakazi wa migodi ambao ukiingia na jezi ya timu nyingine unajua umefika ugenini. Mashabiki wake hawana subira na mchezaji mvivu. Beki wa pembeni pale anatakiwa kukimbia kama amelipwa kwa kilomita.

Droo ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19 ikafanya utani wake. Simba ikapangwa na Nkana katika raundi ya kwanza. Desemba 15, 2018 Nkana ilishinda 2-1 nyumbani, Ronald Kampamba na Kelvin Kampamba wakifunga, kisha Simba ikapata bao la penalti lililokuja kuwa na thamani kubwa. Siku nane baadaye, Uwanja wa Taifa ukajaa. Walter Bwalya akatangulia kuifungia Nkana. Jonas Mkude akasawazisha, Kagere akaongeza, na mechi ikielekea ukingoni Clatous Chama akamaliza kazi kwa kisigino. Simba 3-1, jumla 4-3.

Bao lile la kisigino limebaki kwenye kumbukumbu za Wanamsimbazi, na ni haki yao. Lakini kuna jambo ambalo halikusemwa sana. Siku ile Mzambia alikuwa anaipeleka Simba mbele, na Mtanzania alikuwa upande wa Nkana akijaribu kumzuia. Chama alitoka Lusaka Dynamos kuja Dar mwaka ule ule ambao Kessy aliondoka Dar kwenda Kitwe. Mmoja akawa mfalme wa mtaa. Mwingine akaitwa msaliti na wachache, na wengi wakamsahau.

Je, aliyeondoka alipotea? Rekodi zinasema hapana. Nkana ilipoangukia Kombe la Shirikisho ilipita kwenye makundi na kufika robo fainali, ikatolewa na CS Sfaxien ya Tunisia. Msimu wa 2019/20 Nkana ikatwaa ubingwa wa Zambia, taji lake la 13.

Na kubwa zaidi, Taifa Stars ilimhitaji. Novemba 2018 Shomari Kapombe, namba mbili aliyekuwa kwenye ubora wake, aliumia vibaya mguu akiwa kambini na Stars nchini Afrika Kusini. Simba iliziba pengo lake kwa kwenda Afrika Magharibi kumleta Zana Coulibaly. Stars haikuwa na ruhusa ya kusajili mgeni. Kocha Emmanuel Amunike alimtegemea Kessy, na Machi 24, 2019 Tanzania iliichapa Uganda 3-0 na kwenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Misri mambo hayakuwa mazuri, Stars ilipoteza mechi zote tatu mbele ya Senegal, Kenya na Algeria. Lakini kwenye orodha ile ya wachezaji, jina la Kessy liliandikwa na klabu ya Zambia pembeni yake.

Baada ya misimu miwili Kitwe alirudi nyumbani, akaanza tena Mtibwa na baadaye KMC. Hakupanda kwenda Afrika Kusini wala Uarabuni. Kwa hiyo hii si stori ya maajabu. Ni stori ya mchezaji wa kawaida wa kiwango kizuri aliyeona mlango wa pembeni ukiwa wazi, akapita, akacheza mechi za maana, akapata taji, na akaiwakilisha nchi kwenye fainali za Afrika. Kwa vijana wengi wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, stori ya kiwango hicho inafikika kuliko ya Mbwana Samatta.

WAZAMBIA WANAKUJA, WATANZANIA HAWAENDI

Angalia orodha ya waliovuka kuja huku. Chama, Rally Bwalya, Moses Phiri, Kennedy Musonda, Joshua Mutale, na kabla yao Justin Zulu na Obrey Chirwa. Makocha nao: George Lwandamina aliiongoza Yanga, kisha Azam. Sasa tengeneza orodha ya Watanzania waliokwenda Zambia katika kipindi hicho. Kuna Kessy, kuna Eliuter Mpepo aliyecheza Buildcon ya Ndola, halafu unaanza kukuna kichwa.

Sababu ya kwanza ni fedha, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu. Ligi Kuu Bara imekuwa na hela kuliko ya Zambia. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Simba na Yanga zinalipa mishahara ambayo klabu nyingi za Copperbelt haziwezi kuigusa tangu migodi ilipopunguza mkono wake kwenye mpira. Mzambia akiitwa Dar anapanda daraja la maisha. Mtanzania wa Simba au Yanga akiitwa Kitwe anaona anashuka.

Lakini hesabu hiyo ni ya mchezaji aliyekwisha kufika Simba au Yanga. Beki wa miaka 19 aliyeko Tunduma hayuko huko. Hesabu yake ni nyingine kabisa.

Klabu za Ligi Kuu zimeruhusiwa kusajili wageni hadi 12. Vigogo wanatumia nafasi hizo bila huruma, na mabeki wa pembeni hawakusalimika. Yanga ilimleta Djuma Shaban, ikamleta Joyce Lomalisa, ikamleta Yao Kouassi, ikamleta Chadrack Boka. Nafasi chache za wazawa zilizobaki zimeshikwa kwa muda mrefu na watu wale wale. Kapombe alitua Simba kwa mara ya pili 2017 na akadumu. Mohamed Hussein 'Tshabalala' aliingia Msimbazi akitokea Kagera Sugar 2014 na akakaa pale miaka 11 kabla ya kuhamia Yanga 2025. Ni sifa kwao. Kwa kijana anayesubiri nyuma yao ni foleni ndefu kama ile ya malori.

Na huku Dar ikifagia wachezaji bora wa Zambia, klabu za kule zinabaki na mapengo. Pengo la klabu ya Ndola au Kitwe ni nafasi kwa mtu mwingine. Zaidi ya hapo, mpira wa Zambia una dirisha la Ulaya ambalo wa Tanzania bado unalitafuta kwa tochi. Patson Daka na Enock Mwepu walitoka Kafue Celtic, klabu isiyo na jina kubwa hata kwao, wakaenda Salzburg mwaka 2017. Daka ndiye yule aliyewanyima Watanzania usingizi AFCON, San Pedro, Januari 21, 2024. Stars ilikuwa mbele kwa bao la Simon Msuva, Zambia wakiwa pungufu uwanjani, naye akasawazisha dakika za jioni.

Kiwango cha uwanjani hakitofautiani kama zamani. Miezi mitano baada ya San Pedro, Juni 11, 2024, Stars ilikwenda Ndola na kushinda 1-0 kufuzu Kombe la Dunia, bao la Waziri Junior. Enzi za kumwogopa Mzambia zimepita. Kama timu ya taifa inaweza kushinda Ndola, beki wa Songwe anaweza kupata namba Ndola.

SONGWE ILIVYOBAKI BILA TIMU

Kuna jambo la kihistoria linalofanya suala hili liwe zito zaidi hapa. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu na moja kwa moja ikamaliza nafasi ya tatu chini ya Juma Mwambusi. Wakati ule Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba zote zilikuwa mkoa wa Mbeya. Shabiki wa Tunduma alikuwa na timu ya mkoa wake, na kijana wa Mlowo alikuwa na timu ya kuiota.

Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa wake, makao makuu Vwawa. Kiutawala ilikuwa neema. Kisoka, mpaka mpya ulipita katikati ya ndoto. Mbeya City ikabaki Mbeya. Tanzania Prisons ikabaki Mbeya. Hata Ihefu iliyopanda 2020 ilikuwa ya Mbarali, na 2024 ikahamia Singida. Songwe ikabaki na kahawa, na kimondo, na mpaka wenye pilika kuliko mingi nchini, lakini haikuwa na timu ya Ligi Kuu.

Maana yake kwa beki chipukizi ni hii. Ngazi yake ni ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, kisha mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Akitaka kuonekana mapema, lazima ahame: aende Mbeya, au abahatike UMISSETA, au afunge mkoba kwenda Dar kulala kwa ndugu na kuzunguka kwenye majaribio. Mshambuliaji akija na mabao 20 ya ligi ya mkoa, angalau ana kitu cha kusema. Beki wa pembeni atasema nini? Hakuna anayehesabu krosi za ligi ya wilaya, na mawinga aliowafunika hawaandikwi popote. Nafasi yake inahitaji kuonwa kwa macho, na macho ya makocha wa Ligi Kuu hayafiki Momba mara kwa mara.

KIFUNGU CHA KILOMITA 50

Hapa ndipo kuna kitu ambacho wadau wengi wa Songwe hawakitumii. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ni katazo zuri, limewekwa kuwalinda watoto dhidi ya watu wanaowasafirisha kwa ahadi hewa. Lakini kanuni hizo hizo zina misamaha michache, na mmojawapo ni kama uliandikwa kwa ajili ya Tunduma.

Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo huo. Umbali kati ya nyumba yake na makao ya klabu usizidi kilomita 100, lazima aendelee kuishi nyumbani kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali kwa maandishi.

Tunduma na Nakonde hazitenganishwi hata na kilomita tano. Ni pua na mdomo. Familia za Wanyamwanga ziko pande zote mbili, watu wanazikana na kuoana kuvuka mpaka, na tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha kimerahisisha taratibu za kuvuka. Kijana wa miaka 16 wa Tunduma anaweza kisheria kuchezea klabu ya Nakonde, akasoma shule Tunduma, akala ugali kwao jioni.

Kinachokosekana ni mtu wa kushughulikia karatasi. Chama cha soka cha mkoa kinapaswa kuijua kanuni hiyo na kuwa na njia ya kuifikisha TFF, na TFF kuzungumza na wenzao wa Zambia. Bila hivyo kitakachoendelea ni mtindo wa vichochoroni: kijana anavuka, anacheza kwa jina la kukopa, na siku akitaka kusajiliwa kihalali anakuta ana majina mawili na umri aina mbili. Ndoto inafia hapo.

KARATASI KABLA YA KROSI

Kwa aliyevuka miaka 18, mambo ni mepesi kidogo lakini si ya kienyeji. Anahitaji pasipoti. Kile kibali cha muda cha kwenda soko la Nakonde hakitoshi. Anahitaji kibali cha kazi kinachotafutwa na klabu. Anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, ambayo inatoka TFF kwenda shirikisho la Zambia kupitia mfumo wa FIFA. Na anayemsimamia anapaswa kuwa wakala mwenye leseni ya FIFA, ambayo siku hizi inapatikana kwa kufanya mtihani. Mtu mwenye simu tatu na picha na Chama hana leseni kwa sababu hiyo.

Sakata la Kessy la 2016 linafundisha hapa. Mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine pale mkataba wake unapobakiza miezi sita au chini ya hapo. Ila kusaini si kuhama. Mpaka siku ya mwisho ya mkataba bado yeye ni mali ya mwajiri wake wa kwanza, na karatasi isipokamilika anayekaa jukwaani ni mchezaji. Viongozi wanaendelea na vikao.

Klabu ndogo nazo zina lao la kujifunza. FIFA inataka asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kuna pia fidia ya malezi, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa na anapohama kabla ya kuvuka miaka 23. Lakini asilimia tano ya sifuri ni sifuri. Mchezaji akiondoka mkataba umeisha, kama ilivyokuwa kwa Kessy alipotoka Yanga, hakuna ada, hivyo hakuna mgawo. Na timu ya mtaa ambayo haikumsajili kijana kwenye mfumo rasmi haiwezi kudai hata senti, hata kama ndiyo iliyomnunulia njumu za kwanza. Timu za Tunduma zinazolea vijana kwa madaftari ziko kwenye hatari hiyo leo.

UBISHI WA DAR

Wapo watakaosema huu ni ushauri wa kupeleka watoto kwenye ligi isiyolipa. Wana hoja. Kuna miezi ambayo wachezaji wa klabu za Zambia wamelia njaa kama wanavyolia wenzao wa klabu za chini za Tanzania. Shabiki wa Tunduma naye anataka kumwona kijana wake kwenye televisheni, na Azam TV inaonyesha Ligi Kuu Bara. Mchezaji aking'ara Mbeya Ijumaa, Simba na Yanga wanajua Jumamosi asubuhi.

Kwa mshambuliaji hoja hiyo ina nguvu. Kwa beki wa pembeni inapungua. Nafasi hii inajifunzwa kwa kucheza: lini upande, lini ubaki, wingi akiingia ndani umfuate au umwachie kiungo. Kijana anayekula benchi misimu miwili kwenye timu kubwa anatoka akiwa anajua mazoezi lakini hajui mechi. Nickson Kibabage, naye zao la Mtibwa, alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2019 akiwa bado mdogo, akarudi, akapita Mtibwa na Singida, na 2023 akatua Yanga. Kapombe mwenyewe aliwahi kwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, timu iliyokuwa daraja la nne, akarudi Azam na kuwa beki bora zaidi. Novatus Dismas aliondoka Azam mapema, na akiwa Shakhtar Donetsk msimu wa 2023/24 alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akipangwa beki wa kushoto.

Wote hao walikwenda mahali ambako walicheza, hata kama jina la mahali lilikuwa halivutii, na Kapombe na Kibabage Dar ikawatafuta baadaye. Kitwe ni mahali pa aina hiyo, na kwa mtu wa Songwe nauli yake ni ya basi.

KABLA YA 2027

Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON 2027. Kila mwenye mapenzi na Stars anauliza nani atakuwa namba mbili na namba tatu baada ya kizazi cha Kapombe na Tshabalala. Jibu halitapatikana kwa kuzunguka kwenye viwanja vinne vya Dar.

Mkoa wa Songwe unaweza kuanza na mambo yasiyohitaji bajeti ya mabilioni. Kila kijana wa ligi ya wilaya asajiliwe kwenye mfumo rasmi kwa jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, ile iliyoko kwenye cheti. Chama cha mkoa kiwe na mtu mmoja anayezijua kanuni za uhamisho. Timu za Tunduma na Nakonde zicheze mara kwa mara mashindano ya vijana yanayotambuliwa na pande zote mbili, ili makocha wa Copperbelt na wa Mbeya wawe na sababu ya kuja. Wazazi nao waambiwe mapema kwamba mtu yeyote anayetaka fedha ili "ampeleke mtoto Zambia" kabla ya barua ya klabu ni tapeli hadi athibitishe vinginevyo.

Kessy alipata vyote hivyo akiwa tayari na jina la Simba na Yanga mgongoni. Beki wa Tunduma hana jina hilo, ila ana mpaka nje ya mlango wao.